Ujamaa Tunaousimulia Bila Kuusoma



Mtanzania ukimwuliza juu ya ujamaa, hakosi la kusema. Mmoja atakumbuka foleni za sukari na sabuni, mwingine atakumbuka kwamba alisoma bila ada mpaka akafika alipofika, wa tatu atasema lilikuwa wazo zuri likaharibiwa na watendaji. Mwulize sasa amesoma nini juu ya huo ujamaa, uone mazungumzo yanavyopungua kasi. Sisi mafrateri hatuna nafuu yoyote katika hili. Wengi wetu tulizaliwa mwaka 1999 Mwalimu Nyerere alipofariki, au baada yake. Kwetu ujamaa ni masimulizi ya babu, ni maswali ya mtihani wa Historia, ni picha iliyotundikwa ukutani ofisini. Darasani tunamsoma Plato akiwanyima walinzi wa mji wake mali binafsi, tunamsoma Aristotle akimpinga mwalimu wake juu ya jambo hilohilo, na tunaweza kuwaeleza vizuri wote wawili. Lakini maandishi ya nchi yetu juu ya swali lilelile hatujayashika mkononi.

Ndiyo sababu wachache wetu tunaotoka milima ya Usambara tumekuwa tukikusanya orodha ya maandishi ya kusoma juu ya uchumi wa ujamaa, na kuigawa kwa wenzetu seminarini, na wakati wa likizo kwa vijana wa VIWAWA na wazee wa jumuiya ndogondogo huko Lushoto, Soni, Mlalo na Bumbuli. Wapo walioipokea kwa furaha. Wapo walioshtuka: frateri na ujamaa wapi na wapi? Mnataka kutuletea siasa kanisani? Na mwingine, aliyesoma kidogo zaidi, akatukumbusha kwamba Mapapa walishaukataa ujamaa zamani. Tunadhani maswali haya yanastahili jibu la maandishi.

Tuanze na hili la Mapapa, maana ndilo lenye uzito. Ni kweli. Papa Leo XIII katika Rerum Novarum ya mwaka 1891 alitetea haki ya mtu kumiliki mali, na akawakosoa wajamaa wa Ulaya waliotaka kila kitu kiwe cha dola. Miaka 40 baadaye, mwaka 1931, Papa Pio XI katika Quadragesimo Anno alisema bila kuzunguka kwamba mtu hawezi kuwa Mkatoliki mwema na hapohapo mjamaa wa kweli. Anayeficha maneno hayo ili orodha yake ipendeze hatendi haki. Kwetu sisi nyaraka hizo mbili zimo kwenye orodha, na zimo juu kabisa.

Lakini ukizisoma zote unakuta kwamba Leo XIII huyohuyo anawakemea waajiri wanaomlipa mfanyakazi ujira usiomwezesha kuishi, na anatetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao. Unakuta kwamba Pio XI alikuwa anazungumzia fundisho linaloiona jamii ya binadamu kama kitu kilichowekwa kwa ajili ya faida za mwili tu, bila Mungu na bila roho. Swali linabaki: je, ujamaa wa Azimio la Arusha ndio huo? Wapo wanaojibu ndiyo, wapo wanaojibu hapana, na pande zote mbili zina watu wenye akili. Asiyeweza kulijibu ni yule ambaye hajasoma upande wowote.

Kuna jambo moja la tarehe ambalo kila tunapolieleza kwenye jumuiya watu hutega masikio. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Tarehe 26 Machi mwaka huohuo, wiki saba kamili baadaye, Papa Paulo VI alitoa Populorum Progressio, waraka juu ya maendeleo ya watu. Hakuna aliyenakili kwa mwenzake. Lakini Papa anafundisha humo kwamba haki ya kumiliki mali haina nguvu isiyo na mipaka, kwamba hakuna ruhusa ya mtu kujiwekea ziada wakati wengine wanakosa cha lazima, na kwamba mafao ya wengi yanaweza wakati mwingine kudai baadhi ya mashamba makubwa yatwaliwe. Kwa Tanga, mkoa wa mkonge, maneno hayo hayakuwa ya mbali. Mwaka uleule Serikali ilitaifisha mashamba mengi ya mkonge yaliyo chini ya milima yetu.

Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge, na miongo mitatu baadaye uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Mpinzani wa ujamaa atakwambia ni utaifishaji. Mtetezi atakwambia ni kamba za plastiki zilizoua bei ya mkonge duniani. Ukisoma kwa makini unaona kwamba bei ilianza kuanguka kabla ya Azimio, na pia kwamba usimamizi wa mashirika ya umma ulikuwa dhaifu kweli. Jibu la namna hiyo halipendezi kwenye kijiwe cha kahawa kwa sababu halimpi mtu ushindi, lakini padri anayetaka kuzungumza juu ya umaskini wa Korogwe au Muheza hana budi kulijua.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo limetusumbua kuliko yote katika kukusanya orodha hii, nalo ni lugha.

Azimio la Arusha liliandikwa na kupitishwa kwa Kiswahili. Mkulima wa Mlalo aliyejua kusoma aliweza kulisoma neno kwa neno. Tujisahihishe ya mwaka 1962 ni ya Kiswahili. Ujamaa Vijijini ya Septemba 1967 ilimfikia kwa Kiswahili. Baadaye Binadamu na Maendeleo ikatoka kwa Kiswahili. Katika Afrika ni nadra kuona kiongozi aliyewaeleza watu wake nadharia ya uchumi kwa lugha yao kwa kiwango hicho, na hata wasiokubaliana na Mwalimu wanampa heshima hiyo.

Ila sasa tazama upande wa pili. Majadiliano yenyewe, yaani watu kupima kama jambo hili linafanya kazi au halifanyi, yalikuwa wapi? Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1972 kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, ni Kiingereza. Issa Shivji aliandika mwaka 1976 juu ya mapambano ya kitabaka Tanzania, akionesha kwamba warasimu wa Serikali na mashirika ya umma walikuwa wanageuka kuwa tabaka lenye masilahi yake; Kiingereza. Göran Hydén mwaka 1980 alihoji kama mkulima mdogo wa Tanzania alishawahi kabisa kukamatwa na Serikali au na soko, Kiingereza. Andrew Coulson mwaka 1982 akaandika historia nzima ya uchumi wa kisiasa wa nchi, Kiingereza. A. M. Babu mwaka 1981 aliukosoa ujamaa wa Kiafrika kutoka upande wa kushoto, naye ni Mswahili wa Zanzibar ambaye Kiswahili chake hakikuwa na kasoro, Kiingereza.

Maana yake ni kwamba mkulima alipewa mahubiri kwa Kiswahili, na tathmini ya mahubiri hayo ikafanyika kwa lugha asiyoielewa. Aliambiwa ahame, alime pamoja, auze kupitia chombo fulani. Waliokuwa wakibishana kama mambo hayo yana akili walibishana juu ya kichwa chake. Na hali hii haijabadilika sana. Leo kijana wa Lushoto akitaka kujua hoja za uchumi wa ujamaa, kwa Kiswahili atapata sifa nyingi na lawama nyingi, na uchambuzi haba.

Kwa Kiswahili ukosoaji ulikimbilia kwenye riwaya. Euphrase Kezilahabi, ambaye alisoma seminari ya Nyegezi kabla ya kwenda chuo kikuu, aliandika Gamba la Nyoka mwaka 1979, juu ya watu wanaopelekwa kwenye vijiji vya ujamaa kwa nguvu, juu ya wanaokataa, na juu ya vijana wasomi wanaorudi wakiwa na nadharia mpya kichwani. Wapo waliotushangaa kuweka riwaya katika orodha ya uchumi. Tumeiweka, na haitoki. Mwanafunzi wa uchumi anaweza kujifunza humo jambo ambalo jedwali halimwonyeshi, kwamba mtu huweza kukubaliana na wazo na bado akamchukia aliyelileta kwa namna alivyolileta.

Hapa ndipo kusoma kunapozidi kusikia. Anayesimulia ujamaa kwa kinywa hukwambia ama ulikuwa wa hiari ama ulikuwa wa lazima. Ukisoma unakuta kwamba Ujamaa Vijijini ya mwaka 1967 inasisitiza watu washawishiwe, wasilazimishwe. Kisha unakuta kwamba mwishoni mwa mwaka 1973 mwandishi wa maneno hayo alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni ya watu, baadhi yao nyumba zao zikivunjwa au kuchomwa. Unakuta kwamba kule Ruvuma kulikuwa na umoja wa vijiji vilivyoanza kuishi ujamaa wao wenyewe tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, kitovu chake Litowa, wakiwa na shule yao na kinu chao, na kwamba mwaka 1969 chama tawala kiliuvunja umoja huo. Unakuta kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya wakulima vilifutwa nchini, vikiwamo vilivyotangulia uhuru kama ule wa Kilimanjaro ulioanza mwaka 1933. Na unakuta Mwalimu mwenyewe, mwaka 1977, katika tathmini ya miaka kumi ya Azimio, akikiri kwamba Tanzania haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea. Hayo yote yakikaa meza moja, yule anayesema wazo lilikuwa zuri ila watendaji waliliharibu anapata kazi ngumu zaidi. Na yule anayesema ujamaa ulikuwa ukatili mtupu naye anapata kazi ngumu, kwa sababu ya Litowa.

Tuliofundishwa kanuni auni, ile inayosema mamlaka ya juu isinyakue kazi ambayo jumuiya ya chini inaiweza, hatuwezi kusoma habari ya Ruvuma bila kusimama. Nadharia ya Pio XI ya mwaka 1931 ilikuwa inavunjwa hapa kwetu katika nchi ambayo kiongozi wake alikuwa Mkatoliki wa Misa. Mwalimu ni Mtumishi wa Mungu, na mchakato wake ulioanza Jimbo la Musoma tunauombea. Lakini tuseme jambo ambalo baadhi ya waamini hawapendi kulisikia: utakatifu wa mtu hauthibitishi sera yake ya kilimo. Tunaweza kumwomba Mungu amtukuze na papohapo tukasema kwamba amri ya 1973 ilikuwa kosa.

Katika historia hiyo Kanisa halikukaa pembeni. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alihamia kuishi katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akaona katika maisha ya kushirikishana mali sura ya Utatu Mtakatifu. Mwalimu mwenyewe mwaka 1970 aliwahutubia watawa wa Maryknoll huko New York, akalitaka Kanisa lisiishie kuwahudumia maskini bali lipinge miundo inayowafanya maskini. Kwa upande mwingine, Padri John Sivalon wa Maryknoll alichapisha mwaka 1992, kupitia wachapaji wa Kibenediktini wa Ndanda na Peramiho, kitabu cha Kiswahili kiitwacho Kanisa Katoliki na Siasa ya Tanzania Bara 1953 hadi 1985. Anaonyesha humo jinsi viongozi wa Kanisa walivyouhofia umaksi na jinsi walivyotumia ushawishi wao katika siasa za nchi.

Kitabu hicho kilituletea ubishi mkubwa kuliko kingine chochote. Ndugu zetu Waislamu, ambao hapa Lushoto ndio wengi, wamekitaja mara nyingi katika malalamiko yao juu ya nafasi ya Wakristo serikalini. Mwenzetu mmoja alishauri tukitoe: kwa nini tuwape watu fimbo ya kutupigia? Tumekiacha, kwa sababu mbili. Kwanza, kimeandikwa na padri, kimechapwa na watawa, na ni kati ya vitabu vichache vya uchambuzi juu ya jambo hili vilivyoandikwa kwa Kiswahili. Tunalia kwamba hakuna uchambuzi kwa lugha yetu, kisha tuufiche uliopo? Pili, jirani yetu Mwislamu ameshakisikia. Akitukuta sisi hatujakisoma, tutabaki na hasira tu, na hasira haijibu hoja. Mle ndani kuna madai ya kukubali na madai ya kuhoji, na mtu anaweza kuhoji vizuri baada tu ya kufungua ukurasa.

Na siasa? Kuna waliotuuliza kama orodha hii ni ya chama fulani. Katiba ya nchi ya mwaka 1977 mpaka leo inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi ya kijamaa, na vyama vyote vinaishi chini ya Katiba hiyo. Kwa hiyo kusoma maana ya neno hilo ni wajibu wa raia, hata kama mwisho wa kusoma ataomba neno liondolewe. Hofu ya kusoma si ngeni. Mwaka 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha jarida lao la kijamaa waliloliita Cheche, na walikuwa na madarasa yao ya kusoma na kujadiliana. Mwaka mmoja baadaye Serikali ya kijamaa ililifunga, ikielezwa kwamba jina lile lilirejea itikadi ya kigeni, yaani gazeti la Lenin. Wajamaa waliwafungia wajamaa kwa sababu walisoma zaidi ya walichopangiwa. Hatutaki mtu wa seminari awe mrithi wa tabia hiyo, kwa upande wowote.

Tumeshaambiwa pia kwamba hayo yote ni ya zamani na mkulima wa Usambara ana shida za leo. Tunakubali kuhusu shida. Tuchukue lumbesa. Kila anayelima viazi hapa anajua lumbesa: gunia linajazwa, halafu juu ya mdomo linaongezewa kichwa, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza. Dalali anakuja na gari lake, barabara mvua imeiharibu, kabichi zinaoza shambani, na mkulima hana nguvu ya kukataa. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika swali la 77 la sehemu ya pili ya pili ya Summa, anajadili udanganyifu katika kuuza na kununua, na vipimo vimo. Katika swali la 66 anafundisha kwamba ni halali mtu kumiliki mali, lakini katika kuitumia aihesabu kuwa ya wote, tayari kumshirikisha mwenye shida. Hiyo ni karne ya 13. Tatizo la lumbesa haliishi kwa dalali kuungama. Kuna swali la nani ana gari, nani ana ghala, nani anajua bei ya Kariakoo asubuhi ile, na kama wakulima wakiungana wawe chini ya nani. Maswali hayo ndiyo ambayo ujamaa ulijaribu kuyajibu, na ukashindwa kwa namna tunazoweza kuzisoma.

Au tuchukue kiwanda cha chai cha Mponde, Bumbuli. Kilikuwa cha umma, kikabinafsishwa, kikafungwa mwaka 2013 baada ya mgogoro mrefu kati ya wakulima na waendeshaji, kisha kikarudi mikononi mwa Serikali. Wakulima wa pale wamepitia umiliki wa dola, wa mwekezaji na wa chama cha wakulima, na majani ya chai yamewaozea. Ukienda kuwahubiria juu ya ubepari na ujamaa bila kusoma, watakusikiliza kwa adabu tu, maana Wasambaa ni watu wa adabu.

Na watu hawa hawakuanza kufikiri uchumi mwaka 1967. Wajerumani walipoiita Lushoto Wilhelmstal, walimpa kila mwanaume kadi ya kazi, kipande, imlazimishe kufanya kazi siku 30 ndani ya kila miezi 4 kwa walowezi. Mwaka 1946 Waingereza walianza mradi wa bonde la Mlalo wa kuwalazimisha watu kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko, kazi iliyowaelemea hasa wanawake. Watu waliukataa mpaka ukaachwa kabla ya uhuru. Steven Feierman, mwanahistoria wa Marekani aliyekaa na Wasambaa miaka mingi, aliandika mwaka 1990 kitabu kizima juu ya wakulima hawa kama wanafikra. Anaeleza mawazo mawili ya kwao, kuzifya shi na kubana shi, yaani kuiponya nchi na kuiharibu nchi. Mtawala alipimwa kwa hayo: je, mvua inanyesha, chakula kipo, wenye nguvu wanapigana au wametulia? Ni falsafa ya mafao ya wengi, haijapewa tu jina la Kilatini. Kitabu hicho nacho ni Kiingereza. Wajukuu wa wazee waliohojiwa humo hawajakisoma.

Hivyo kazi yetu imebadilika. Tulianza kwa kugawa majina ya vitabu. Tukaona haraka kwamba kumpa mzee wa kigango jina la kitabu cha Kiingereza kinachouzwa Dar es Salaam kwa bei ya mbuzi ni kumkejeli. Tukaona pia kwamba kutumiana nakala laini za vitabu kwenye WhatsApp kuna dhambi yake ndogo, kwa sababu mwandishi na mchapaji wa Kitanzania naye anastahili ujira wake, jambo ambalo Leo XIII asingetusamehe. Nyaraka za Mapapa zinapatikana bure katika tovuti ya Vatikano, lakini nyingi hatuzipati pale kwa Kiswahili. Kwa hiyo sasa kila mmoja wetu anachukua kitabu kimoja, anakisoma chote, na anaandika muhtasari wa kurasa nne au tano kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe: mwandishi anadai nini, anatoa ushahidi gani, nani anampinga. Masharti ni mawili. Muhtasari usimsifu wala kumlaani mwandishi, na kila anayechukua kitabu cha upande mmoja achukue pia kimoja cha upande wa pili. Aliyepewa Rodney anamalizia na Centesimus Annus ya mwaka 1991, ambamo Yohane Paulo II anakubali nafasi ya soko, na pia anakataa kwamba kuanguka kwa ukomunisti kumeuacha ubepari kuwa njia pekee.

Papa wetu wa sasa alipochaguliwa Mei 2025 alieleza kwamba jina Leo alilichagua, pamoja na sababu nyingine, kwa kumkumbuka Leo XIII na Rerum Novarum. Tunategemea kwamba miaka ijayo mapadri wataulizwa sana juu ya kazi, ujira na umiliki. Jumuiya zetu zina VICOBA na SACCOS, zina watu waliopoteza akiba na watu waliojengea nyumba mikopo yao. Wana uzoefu kuliko sisi. Tulipokaa na wazee wa jumuiya moja ya upande wa Mlalo tukawasomea muhtasari wa Ujamaa Vijijini, mama mmoja wa WAWATA alituuliza swali ambalo hatukulikuta katika kitabu chochote: hilo shamba la pamoja, palizi yake ilikuwa inahesabiwa ni kazi ya nani? Tumeliandika pembeni mwa muhtasari. Yeyote atakayeusoma atalikuta.

Mpaka sasa mihtasari iliyokamilika ni ya Rerum Novarum, Populorum Progressio, Ujamaa Vijijini, Shivji na Sivalon. Feierman yuko mkononi, Coulson bado hajapata mtu, na kurasa zake nyingi zinatisha. Tunatafuta nakala za Tujisahihishe na Binadamu na Maendeleo, hata kama zimeliwa na mchwa pembeni. Tunajua ziko katika masanduku ya walimu wastaafu na makatekista wa zamani. Ukiwa nayo, iache kwa katekista wa kigango chako ikiwa na jina lako kwenye karatasi. Tutainakili kwa mkono na kuirudisha kabla ya Kwaresima.